Mwindaji Asigeuzwe Mawindo

Sisi wa Makupa tuiombeapo Lamu amani, tuwakumbuke Waboni, wajiitao Aweer. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Wakabakiwa na asali, matunda na dawa za msituni. Mwaka 2015 ikaja Operesheni Linda Boni dhidi ya al-Shabaab. Mrina asali akajikuta baina ya mitutu miwili: ya magaidi wamwonao mpelelezi, na ya askari wamdhaniao gaidi. Kosa lake ni kuijua njia! Hali Katiba ya 2010, ibara ya 63, yaitambua ardhi ya jadi ya jamii za wawindaji. Serikali na ikubaliane na wazee wa Basuba na Mangai nyakati na njia za kuingia msituni, na kila risasi impatayo raia humo ichunguzwe hadharani.