Tusiikimbilie Nyundo

Aghalabu mtu akiiona pikipiki ya miaka arubaini imeegeshwa uani, imetandwa na vumbi, huihukumu kuwa ni chuma cha kuuzwa kwa ratili, ilhali chombo kama Honda CG125, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1976, kilibuniwa kwa makusudi kiwafae watu walio mbali na karakana kubwa: valvu zake husukumwa kwa fimbo za chuma badala ya mnyororo wa ndani unaolegea, na mnyororo wa nje umefunikwa usiingiwe na mchanga. Mwenye spana chache, geji na utulivu wa baada ya alasiri aweza kuzirekebisha valvu hizo mwenyewe, maadamu injini imepoa kabisa. Nafasi yenyewe ya valvu ni milimita 0.08 tu, nami nakiri kwamba mara ya kwanza niliipima injini ingali moto, na asubuhi yake pikipiki ikanitoa jasho kuiwasha.

Hasara siioni katika ukuukuu wa chombo, bali katika haraka ya mafundi washikao nyundo kabla ya kuuliza, na katika ajizi yetu sisi wenye mali, tunaoiacha petroli ikauke ndani ya kabureta miezi kadhaa, ikazibe vijitundu kwa utando kama ulimbo, kisha tukailaumu injini. Vijitundu hivyo (hapa naomba nisikizwe) havichokolewi kwa waya, kwani waya huvipanua, na pikipiki ikawa mlafi wa mafuta. Huoshwa kwa petroli safi, vikapulizwa, vikarudishwa mahali pake.