Taarifa Si Ombi

Kisumu haikujifunza vitabuni maana ya sheria mbaya. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa hospitali ambayo wenyeji huiita "Russia" hadi leo, risasi zilifyatuliwa katika umati na watu wakauawa, watoto wakiwamo. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku, naye Jaramogi Oginga Odinga akatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kizuizi hicho kilikuwa na sheria yake: ile ya Hifadhi ya Usalama wa Umma ya mwaka 1966. Mkandamizaji mwerevu hutembea na sheria mkononi.

Ndugu yake sheria hiyo ni Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotungwa na mkoloni mwaka 1950. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika, sheria ikabaki. Hakuna aliyeruhusiwa kuhutubia wananchi bila leseni ya Mkuu wa Wilaya. Hata baada ya Kifungu 2A kufutwa Desemba 1991, vyama vipya viliendelea kubisha hodi kwa afisa yule yule. Mvuvi alipewa mtumbwi, akanyimwa kasia.

Waliolikataa jambo hili wakati wa hatari hawakuwa wanasiasa peke yao. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alilisema mimbarani wengi waliponyamaza. Mwaka 1997, baada ya damu kumwagika siku ya Saba Saba, Bunge lilirekebisha sheria: kosa la uchochezi dhidi ya serikali likaondolewa, na leseni ya mikutano ikafutwa. Mahali pake pakawekwa taarifa, inayopelekwa kwa polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Katiba ya 2010, katika Kifungu 37, ikatia muhuri: kila mtu ana haki ya kukutana na kuandamana kwa amani, bila silaha.

Basi kwa nini twaandika? Kwa sababu leseni imetoka katika karatasi, haijatoka vichwani. Afisa husema, "Sijawapa ruhusa," nasi twarudi nyumbani. Vibaya zaidi, barua zetu wenyewe huanza kwa "twaomba ruhusa". Anayeomba alichokwisha kupewa humfundisha mwenziwe kukinyima. Afisa aweza kukataa taarifa ikiwa mwingine amekwisha kuitaka siku hiyo, saa hiyo na mahali hapo. Aweza pia kuzuia mkutano penye hatari ya wazi kwa amani. Kutopendezwa na ujumbe wetu si mojawapo ya sababu hizo.

Tunamsikia mwenye duka wa Kondele anayeuliza ni nani atakayelipa milango iliyovunjwa. Swali lake ni la haki. Lakini mporaji ana sheria yake tangu zamani, na Kifungu 37 hakimkingi. Kuzuia mikutano hakuleti usalama: mtoto wa miezi sita aliyepigwa Nyalenda Agosti 2017, akafa, hakuwa katika maandamano. Alikuwa nyumbani. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliwabebesha polisi lawama ya kifo hicho.

Ndiyo maana tuliupinga mswada wa mwaka 2025 uliotaka waandamanaji wakae mita 100 kutoka Bunge, mahakama na Ikulu. Mwananchi apeleke kilio chake wapi, kama si mlangoni pa anayetunga sheria?

Wapenda mageuzi, kazi yaanzia kwetu. Kuanzia Kisumu hadi Bondo na Homa Bay, barua iandikwe TAARIFA, itaje mwandaaji, mahali, siku na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na nakala yake irudi na muhuri wa kituo. Makanisa yasome Kifungu 49 pamoja na matangazo ya Jumapili: aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani katika saa 24. Wanaokumbuka siku 14 za mwaka 1988 wanajua thamani ya saa hizo.

Mtume Paulo, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga raia asiyehukumiwa. Aliuliza kabla ya mjeledi kushuka. Nasi tuulize mapema.