Kiti cha Bunduki Hakina "Mtu Wetu"

Wasee wa Kisii na Nyamira, kuna kiti serikalini ambacho hatukiongelei kabisa. Ni cha mkuu wa kitengo cha kitaifa cha silaha ndogo, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kazi yake ni kuhakikisha Kenya inatimiza Itifaki ya Nairobi, mkataba wa silaha ndogo uliosainiwa hapa nchini Aprili 2004 na kuanza kutumika Mei 2006.

Utaniuliza, hiyo inamhusu nini mama anayeuza ndizi Daraja Mbili? Inamhusu sana. Mkataba unataka bunduki ziwekwe alama, silaha za polisi na vyombo vingine ziwe kwenye rejista kamili, zihifadhiwe vizuri, na zile haramu ziharibiwe. Yaani hata bunduki ya serikali lazima ijulikane iko wapi. Na Katiba, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria yetu. Kwa hivyo risasi ikimpata kijana wa huyo mama kwenye maandamano, kuuliza ilitoka bunduki gani na nani alikuwa amepewa si siasa. Ni sheria.

Kazi tunayoonyeshwa ni moto tu. Mwaka wa 2016, na tena 2021, zaidi ya bunduki 5,000 zilichomwa kule Ngong mbele ya kamera. Sawa. Lakini moto unaonyesha zilizopatikana. Hauonyeshi zinazoingia, wala zinazopotea kwa stoo ya serikali.

Kuna watakaosema bunduki ni shida ya Turkana na Baringo. Ni kweli, vita vya mpaka wa Borabu na Sotik mwaka wa 2008 tunavikumbuka kwa mishale. Hiyo ndiyo sababu ya kuamka sasa. Kuzuia bunduki isifike kijijini ni rahisi kuliko kuipokonya ikishafika. Waulize watu wa Baringo.

Tuje kwa hii maneno ya "mtu wetu". Matiang'i wa Borabu alishika wizara hiyo kutoka 2017 hadi 2022. Chini yake raia wenye leseni za bunduki waliambiwa wapigwe msasa upya. Tulishangilia. Lakini ni nani kati yetu aliuliza kuhusu rejista ya bunduki za serikali? Tuliuliza barabara na kazi, basi. Kiti kikiwa na mtu wetu tunapiga makofi, kikienda kwa wengine tunanuna, na kazi yenyewe hakuna anayeifuata.

Hata huko nje tunajiangusha. Kenya ilikuwa kati ya nchi 7 zilizopeleka wazo la Mkataba wa Biashara ya Silaha kwa Umoja wa Mataifa mwaka wa 2006. Ulipofunguliwa kusainiwa Juni 2013, nchi nyingi zilisaini siku hiyo hiyo. Kenya haikusaini. Unapika ugali halafu unakataa kukaa mezani?

Maoni yangu ni haya: wabunge na maseneta wetu wadai ripoti ya wazi kila mwaka, kaunti kwa kaunti. Bunduki ngapi zimewekwa alama, ngapi zimepotea, nani amewajibishwa. Wewe nawe, kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari. Mheshimiwa akija mazishini wikendi hii na bahasha yake, muulize hilo kabla apewe maiki.