Jina la bidhaa ni mali: Funzo la kahawa ya Ethiopia

MWAKA 2005 Serikali ya Ethiopia iliomba kusajili nchini Marekani majina ya kahawa zake mashuhuri, Yirgacheffe, Sidamo na Harrar, yawe alama zake za biashara. Wafanyabiashara wa kahawa wa huko walipinga Sidamo na Harrar, wakidai kuwa hayo yalikwisha kuwa majina ya kawaida ya aina za kahawa.

Ubishi huo haukuwa wa maneno matupu. Mnywaji alilipa bei kubwa kwa ajili ya jina, ilhali mkulima aliyelijengea sifa aliambulia kidogo. Juni 2007 kampuni ya Starbucks ilitia saini mkataba na Ethiopia kuhusu matumizi ya majina hayo.

Nasi tujihadhari. Usajili wa alama ya biashara kwa kawaida hulinda pale tu ulipofanyika. Usajili wa Brela, kwa mfano, unahusu Tanzania Bara; Zanzibar ina msajili wake. Mwenye bidhaa anayevuka mipaka bila kulisajili jina lake kwanza huwaachia wengine wavune sifa aliyoipanda yeye.