Mtoto wa Kishushe na jina la Shamil



Tumeletewa suala kutoka Kishushe, kule kwenye machimbo ya chuma, nasi tumeombwa tujibu upesi. Mtoto wa kiume amezaliwa, na siku yake ya saba imekwisha pita bila akika, kwani jamaa hawajaafikiana juu ya jina. Mjomba wake, aliyesomea udaktari Urusi, amependekeza Shamil, jina la rafiki yake wa masomoni. Mzee mmoja wa msikitini amelikataa: ni jina la Kirusi, asema, na la makafiri. Naye babu mzaa baba ataka mjukuu aitwe Mwakio, kwa kuwa alizaliwa usiku.

Ni kweli jina hili lipo Urusi, ingawa kwa Warusi wenyewe ni nadra. Wanaolibeba ni Waislamu wa nchi ile: Watatari, na watu wa milima ya Dagestan, ambao hufuata madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi. Aliyelitangaza ni Imamu Shamil, aliyezaliwa Gimry mwaka 1797. Yasimuliwa kwamba wazazi walimwita Ali, akawa mwingi wa maradhi, wakambadilishia jina kwa desturi ya kwao. Tangu 1834 aliwaongoza watu wake kupigana na majeshi ya mfalme wa Urusi, hata akashikwa Gunib mwaka 1859. Alikaa uhamishoni Kaluga, kisha akaruhusiwa kwenda kuhiji, akafariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii. Jina la mtu aliyelala Baqii, mzee wetu, twaliitaje la kikafiri?

Ama maana yake, wako wanaolirejesha kwenye neno la Kiarabu shaamil, yaani chenye kukusanya yote. Lakini maandiko ya Kiarabu ya zama za imamu humwita Shamwil, nalo ni jina ambalo wafasiri wengi humpa nabii wa aya ya 246 ya Suratul Baqara, yule aliyeombwa na Bani Israili awawekee mfalme. Sisi twaelekea huko. Majirani wetu Wakristo wa Taita hulitamka Samueli.

Bibi wa mtoto naye ametutumia neno pembeni: mjukuu anakohoa, je, jina jipya litamponya? Hapana, mama yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina yenye maana mbaya, kama alivyomwita Jamila mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi. Hakuyafanya dawa ya kifua. Mpelekeni mtoto zahanati leo, msingoje jina.

Mwakio halina ubaya wowote. Usiku ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na uislamu wa Mdawida haumtaki aache lugha ya mama yake.

Lakini kuna jambo limetushughulisha kuliko yote. Katika barua nzima wamesema mjomba, babu, bibi na mzee wa msikitini. Baba wa mtoto hakutajwa amesema nini. Wanazuoni wametwambia kuwa wazazi wakihitilafiana, neno la mwisho katika jina ni la baba. Je, ameulizwa? Akika yaweza kuchinjwa siku ya 14 au ya 21. Ijumaa ijayo tutapanda Kishushe, inshallah, na tutaomba tukae naye yeye kwanza, kabla ya chai.