Laptopu Mpya Si Sherehe, Ni Kuhama

Wacha niseme kitu kitakachowakera wapiga picha wengi wa Garissa, marafiki zangu wakiwemo. Ukinunua laptopu mpya, usituonyeshe boksi. Tuambie picha za zamani ziko wapi.

Huu mchezo tunaujua. Mtu anapata mashine mpya, anakopi folda mbili tatu kwa flashi, anaita fundi amwekee programu ya wizi, na ile laptopu ya zamani inauzwa kesho yake. Wiki mbili baadaye anafungua Lightroom, folda zote zina alama ya kuuliza. Anaanza kulia ati kompyuta imekula picha. Kompyuta haijakula kitu, buda. Ni wewe hukujua unahamisha nini.

Sikiza. Katalogi ya Lightroom Classic haina picha ndani. Ni daftari tu. Imeandika picha iko folda gani na wewe umeifanyia nini: mwanga, rangi, nyota ulizoipa. Picha zenyewe zinakaa kwa diski, pale pale ulipoziweka. Hata ile nakala ya akiba unayoulizwa kama unataka ukifunga programu, ni ya daftari, si ya picha. Kwa hivyo ukibeba picha ukaacha daftari, kazi yako ya miaka imeenda. Ukibeba daftari ukaacha picha, una orodha ya ngamia bila ngamia.

Na sisi ndio watu wa kuhama! Mama zetu wakihamisha aqal, hawarushi vitu ovyo juu ya ngamia. Miti ina mahali pake, mikeka ina mahali pake, na mifugo inahesabiwa kabla ya safari na baada ya safari. Halafu mjukuu wao ana diski ya terabaiti 1 na hajui ina faili ngapi. Wallahi ni aibu.

Najua kuna wale wa "si uweke tu kwa wingu". Haya, tupige hesabu. Gigabaiti 500, na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, ni sekunde 800,000. Hizo ni siku 9 na zaidi, usiku na mchana, stima isipotee hata dakika moja. Hiyo Garissa mnaijua? Na ule ukarimu wa Google Photos wa kuweka picha bila kikomo uliisha tarehe 1 Juni 2021. Sasa bure ni gigabaiti 15, tena unazigawana na barua pepe zako. Harusi moja ya Bulla Iftin inazimaliza kabla bibi harusi hajabadilisha nguo.

Programu nayo ni nyumba ya kupanga. Tangu 2013, Adobe iliposema toleo jipya la vifaa vyake vingi vya kuhariri litapatikana kwa kulipia tu, si kwa kununua mara moja, wewe ni mpangaji. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado itakuonyesha picha zako, lakini chumba cha kuhariri kinafungwa. Na ile ya wizi? Hiyo ni kulala kwa nyumba ya wenyewe. Siku ukibadilisha mashine, hakuna wa kukufungulia mlango.

Mtu ataniuliza, wewe uliyeacha chuo mwaka wa pili, picha za harusi zinakuumizia nini kichwa?

Nitakwambia. Mwaka jana mama mmoja alikuja kuniuliza kama nina picha za harusi ya kijana wake. Kijana alifariki. Aliyepiga zile picha ni mtu mwingine, na alikuwa ameshauza laptopu na kila kilichokuwa ndani. Mama akaniambia, "Mwanangu, nilimlipa." Basi. Sikuwa na jibu.

Na si harusi tu. Wagalla, Februari 1984: serikali ilitaja wafu 57 kwa miaka mingi, manusura wanasema ni mamia, wengine maelfu, na hadi leo tunabishana. Wakati ule hakuna aliyekuwa na kamera mfukoni. Sisi tunayo. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, ni vijana wa hapa waliopiga nyumba zikiwa majini na watu wakivuka kwa mashua. Leo hizo faili ziko wapi? Kama ziko kwa laptopu inayouzwa sokoni, kesho tutarudi kuomba picha zetu kwa mashirika ya nje, yale yanayokuja hapa wakati wa ukame peke yake.

Kwa hivyo hama kama mtu mwenye mali. Kabla ya kuhamisha, mwambie Lightroom iandike marekebisho yako kwa faili za XMP, ili programu nyingine ziweze kuyasoma, japo si yote. Beba katalogi na picha pamoja, na usibadilishe majina ya folda. Hesabu faili huku, hesabu kule. Zisipolingana, hujahama. Kaa na mashine ya zamani mwezi mzima. Kama huna pesa ya kulipa kila mwezi, darktable na digiKam ni za bure na za halali. Jifunze. Zitakusumbua mwanzoni, lakini ni zako.

Na weka nakala 3, kwa vifaa vya aina 2, moja ikae nje ya mji. Hiyo ya nje ifunge vizuri, impe mtu wako anayepanda basi la Eastleigh. Basi linafika siku hiyo hiyo. Wingu litafika wiki ijayo.

Mteja akikulipa, hakulipii siku moja ya kubonyeza kamera. Anakuachia amana. Kama huwezi kuitunza amana kutoka laptopu moja hadi nyingine, rudisha pesa za watu, uache kujiita mpiga picha.