Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Morogoro: Mtoto asibadilishiwe walezi ovyo

Ndugu Mkurugenzi,

Mtoto wa miaka mitatu anaanguka kwenye kokoto, goti linachubuka, halii. Anajipangusa vumbi, anaendelea kucheza. Mwenzake anamrukia kila mgeni anayeingia getini na kumwita mama. Watu husifu: wa kwanza jasiri, wa pili mchangamfu. Mtaalamu wa ustawi wa jamii atauliza kwanza wamepita mikononi mwa walezi wangapi.

Namna mtoto anavyoshikamana na mlezi wake ilichunguzwa hapo jirani tu, Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifuatilia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Mtoto ambaye mama yake alielewa upesi anachotaka alilia kidogo, na alithubutu kutambaa mbali kwa kuwa alijua pa kurudi. Hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha watoto walioingia makao ya watoto wakiwa wadogo sana na walioingia wakiwa wakubwa. Walioingia mapema ndio walioteswa zaidi humo, na ndio waliokuwa na matatizo mengi zaidi ya afya ya akili.

Si kila yatima lazima afike huko. Waluguru, wenyeji wa hapa Morogoro, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo mtoto aliyefiwa na wazazi ana bibi na wajomba wa kuulizwa kabla ya kupelekwa kituoni.

Mlezi naye ni binadamu. Aliyelelewa kwa kuhamishwa nyumba hii hadi ile, akisukumwa na mtoto ambaye yeye anajaribu kumbembeleza, huona amedharauliwa. Hukaripia au hujitenga. Onyo halitamsaidia. Anahitaji mtu wa kukaa naye kitako.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake. Kwa hiyo, kama mkazi wa Mwembesongo, naomba mambo matatu. Kila mtoto wa kituoni awe na mlezi wake anayejulikana, na mlezi akiondoka, amkabidhi mtoto kwa mwenzake taratibu, siyo kutoweka usiku mmoja. Walezi wa makao na wa vituo vya mchana wafundishwe kumsoma mtoto asiyelia na yule anayemkimbilia kila mtu. Na Afisa Ustawi wa Jamii akutane nao kila mwezi, awasikilize, asiishie kukagua vyoo na daftari la mahudhurio.

Fungu la kazi hii liwekwe kwenye bajeti ijayo.

Mkazi wa Mwembesongo